Kitoto cha Nyuzi

Jumatatu hadi Jumamosi napima sangara Igogo.
Koti jeupe, buti la mpira, mizani ya umeme:
kilo nane nukta mbili, andika, mwingine.
Vidole vyangu havijui kitu kilicho chini ya gramu mia.

Jumapili niko Simiyu, juu kidogo ya daraja,
pale mto unapobanwa na mawe ukakasirika.
Maji rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Kuyu wako chini kabisa, vichwa vimeelekea mkondo,
wametulia kama watu wa foleni ya mgawo.
Hawapandi juu. Wapande kufuata nini?
Chakula kinawapitia mbele ya pua.

Ndiyo maana Nkwimba, fundi cherehani wa Magu,
hanifungii mdudu wa kuelea.
Ananifungia kitoto,
yule ambaye bado hajaota mbawa,
ameteleza kwenye jiwe lake na mto unamburuta.
Waya wa shaba wa mota iliyoungua, mizunguko saba.
Unyoya wa kanga, mfupi kama kope.
Ushanga wa chuma shingoni, umzamishe.
Na uzi wa kahawia uliobaki kwenye sare za shule.
Anakata ncha kwa meno.
"Haya. Mia tano. Huyu haogelei, huyu anazama."

Kisha, tukiwa tumesimama majini, kitenge chake kimefungwa magotini:
"Rusha juu, mbali na unapopataka.
Azame kabla hajafika.
Inua ufito, mshipi usilale juu ya maji.
Maji ya juu yana mbio, ya chini yanatambaa;
ukiacha ya juu yamvute, kuyu atajiuliza
mtoto gani huyu anayekimbia kuliko mto."

Na chelezo?
Ananionyesha kipande cha uzi mwekundu
alichokifunga kwenye mshipi, vidole viwili juu ya maji.
"Kikisimama, vuta.
Usiulize kimesimamishwa na nani."

Jiwe.
Jiwe.
Mzizi.
Gunia la mbolea, zima, limejaa mchanga.
Vitoto vitano vimebaki huko chini, elfu mbili na mia tano,
na mimi bado mtu wa mizani:
nangoja namba itulie ndipo niamini.
"Mwenzio anapima upesi kuliko wewe," anasema Nkwimba.
"Ameonja, ametema, amekwisha kuandika."

Saa tisa mawingu yakajikusanya upande wa Bariadi.
Mto ukapanda, ukameza alama niliyochora kwenye mwamba.
Nikarusha kwa mazoea tu, mawazo yako kwenye viatu vyangu ukingoni.
Uzi mwekundu ukasita.
Haukuzama, haukuruka. Ulisita,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.

Mkono ulikwenda wenyewe.
Jiwe, nikasema,
na jiwe likaanza kutembea.

Likateremka na mkondo, likapita kati ya miamba miwili,
nami nyuma yake, goti moja majini, ufito umepinda kama upinde,
Nkwimba anacheka tu, hanishiki hata shati.
Alipochoka nikamwona: dhahabu iliyochafuka,
magamba mapana kama vifungo vya koti,
sharubu fupi, na kitoto pembeni mwa mdomo,
kimeloa, hakina hata mkwaruzo.

"Kilo ngapi?"
Nikafungua mdomo.
Miaka sita kwenye mizani, na sikujua.
Nilijua kule kusita tu. Mpaka sasa mkono unakujua.

Tulimla usiku kwa limao na ugali wa mtama.
Kuyu ana miiba mingi; hakuna aliyezungumza haraka.

Jumatatu, kabla ya kreti ya kwanza,
nikakiweka kitoto kwenye sahani ya mizani.
Sifuri nukta sifuri.
Nikagonga sahani. Nikapuliza vumbi.
Sifuri.
Msimamizi anaita mlangoni, sangara wameingia.
Nikakichomeka kwenye ukosi wa koti, ndoana ikanidunga kidogo,
nikaandika:
kilo sita nukta tisa.
Mwingine.